Barieri ya Mvua ku Kodeza

Juma iliyopita mama mumoja alinishika shati mu soko ya Mudzipela.

"Weye njo Floribert wa gazeti? Ndugu yako Lionel alikufa ao hakufa?"

"Mama, nunua gazeti."

Alinitusi mpaka kwa bababu. Iko na haki. Lakini mambo ya Kodeza, yenye naandika juma kwa juma mu gazeti, siwezi kuyamaliza kwa kinywa, katikati ya batu banauza sombe na makayabo.

Wengine banasema: kama Flori anaandika, basi alipona, twende tulale. Ndiyo, nilipona. Sikusema nani hakupona.

Kwa mwenye anaanza leo, ni hivi. Ilikuwa 2003, vita ya Ituri iko moto. Batu ya proje moja ya barabara balidanganyika ati amani imefika. Bakatupatia kazi ya kutengeneza kilalo, ile daraja ya mbao yenye vita ilivunja, ku mutoni Kodeza, barabara ya Komanda kwenda Bunia. Tulikuwa bane. Muzee Tharcisse, wa Aveba, kapita wetu, mukubwa wa kazi. Kamate, shofere wa kamiyo ya proje. Yaya yangu Lionel, kaka mukubwa, fundi wa mbao. Na miye, mwenye niliacha masomo mapema juu kiti ya shule ilikuwa inaniuma matako.

Risasi ya kwanza, proje ilikimbia. Siye tulibaki. Milisi ya mulima ilitukamata, kamiyo ikawa yao. Kabila yao sitaandika. Mwenye anajua anajua, na mwenye hajui asiulize.

Mukubwa wao balimuita Afande Sanduku, juu alipenda kusema sanduku ya kila mutu ilishapigwa misumari, imebakia kumulalisha tu.

Alimufunga Lionel ku nguzo ya barieri, ule muti wa kufunga barabara. Akaniambia:

"Mutamaliza kilalo. Kamiyo itapita na vijana yangu. Ikipita, ndugu yako anaenda nyumbani. Isipopita, nitamukata mbele yako, kidogo kidogo, kama banakata majani ya sombe."

Ile kamiyo ilikuwa inaenda Bunia, na mu Bunia balikuwa banataka kuunguza Mudzipela, mutaa wetu. Mu Mudzipela njo mama yangu Gertrude iko na nyumba. Mu ile nyumba, bibi yangu Fifi iko na mimba ya mwezi ya mwisho. Siye ni batu ya Mahagi, haikukuwa vita yetu. Lakini nyumba ikiungua, moto hauulize.

Kilalo ikiisha, Mudzipela inaungua. Isipoisha, Lionel anakatwa.

Hapo njo niliwaacha.

*

Asubui ile mulinzi wetu, Dady, aliamuka na furaha. Huyu Dady mbele ya vita alikuwa anashona viatu ku soko ya Bunia. Alishashona yangu.

"Flori," akaniita, "bibi yako atapika nini leo? Tutafika Mudzipela na njaa."

"Atapika sumu."

Alinipiga na kitako ya bunduki ku kinywa. Jino ilitoka. Niliitema mu mutoni.

"Ona sasa. Hata ukialikwa ku harusi, utakunywa uji."

Vijana bakacheka. Lionel, mikono nyuma, kamba mpaka ku kifua, akainua kichwa.

"Dady, ile viatu ulinishonea ilipasuka mbele ya juma kuisha. Bunduki nayo unaijua, ao unajaribu tu?"

Balimupiga na yeye. Siye batoto ya Gertrude, kinywa njo itatuua.

Ile barieri yenye Lionel alifungwa ilikuwa ya zamani, kazi ya muzee Tharcisse mwenyewe. Muti murefu, rangi nyekundu na nyeupe, ku mwisho wake pipa ya mawe ya kuinyanyua. Mbele ya vita ilikuwa barieri ya mvua. Mvua ikinyesha, kapita anaishusha, kamiyo zote zinasimama mpaka barabara ikauke, juu gurudumu mu matope inaua barabara. Hata mutu mukubwa alikuwa anangoja. Vita ilipokuja, barieri ikawa kitu ya kuulizia kabila na kukatia vichwa. Ile ya mvua, batu baliisahau.

Tulikuwa tunapiga madriye, ile mbao nene ya juu. Muzee anashika, miye napiga musumari.

"Flori, ukipiga musumari kama unapiga mwizi, itapinda."

"Muzee, kweli unataka hii kilalo ikuwe nguvu?"

"Kilalo inajua kubeba. Haijui kuuliza nani anapita."

"Itabeba kifo ya mama yangu."

Alipima mbao na kiganja yake, akaisogeza kidogo.

"Kilalo zote nilifanya, tangu Aveba mpaka hapa, kamiyo ya kwanza ikipita, miye nasimama chini. Kapita anasimama chini, anaita 'Leta', shofere anapita. Njo namna mukubwa wangu wa kazi alinifundisha. Ukijua utasimama chini, hauwezi kuweka muti ya kuoza."

"Na ikianguka?"

"Hapo hautasikia aibu. Hautasikia kitu."

Nikamusogelea, nikashusha sauti.

"Muzee, tukate muti moja kwa chini. Kamiyo ianguke nao. Wote batakimbilia maji kutoa bandugu yao. Miye nakata kamba ya Lionel, tunaingia mu majani."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Juu afande anakuita baba? Juu muko kabila moja?"

Sikumuona muzee akikasirika mbele ya ile siku. Aliweka nyundo chini.

"Miye niko mutu wa barabara. Kilalo ya kuua sijafanya nilipokuwa kijana na meno yangu yote. Sitaanza leo. Lete musumari."

Nikaleta musumari. Lakini musumeno niliificha chini ya shati yangu yenye nilivua, pale ku ukingo.

*

Afande Sanduku alishuka kutoka mulima kuangalia kazi. Alitembea juu ya mbao, akaruka mara moja, mara nyingine, kama mutoto ku kitanda.

"Imebaki nini?"

"Misumari ya mwisho," nikajibu.

"Muzuri. Kamiyo inabakia na shofere kule juu, pale ku kona, vijana banapanda. Radio imekufa. Dady, sikia muzuri. Barieri ibakie juu. Ikiwa juu, najua hapa muko salama. Adui akifika ku kilalo, ushushe. Nikiiona imeshuka, tutapiga kila kitu yenye inasimama hapa."

"Na siye, afande?"

"Nyiye mulale chini. Miye nitakufundisha hata kulala?"

Akaenda.

Muzee Tharcisse hakusikia. Alikuwa chini ya kilalo, anaosha macho na maji ya mutoni, unga ya mbao ilimuingia. Nilifikiri kumuambia. Halafu upepo ulileta harufu ya mvua, na akili yangu yote ikaenda ku musumeno. Kumuambia muzee, nilisahau.

Mvua ilishuka na nguvu yote. Dady na benzake babili balikimbilia chini ya bashi, ile turubai, bakakaa mugongo kwetu, banavuta sigara moja kwa zamu. Muzee alipanda juu. Miye nilishuka chini.

Kilalo ya Kodeza ilikuwa na miti kubwa ine ya kubeba. Mbili upande wa kushoto, kwa gurudumu ya kushoto. Mbili upande wa kuume. Nilichagua ya inje kabisa, ya kushoto. Nikakata kutoka chini. Mvua ilikula sauti ya musumeno. Unga ya mbao ilianguka mu maji, ikaenda zake.

Nikakata nusu. Nikapita nusu. Nikaziba kidonda na matope.

Sitawadanganya, nilikuwa na furaha. Nilikuwa naona Afande Sanduku mu maji, kichwa chini. Nilikuwa naona mutoto ya Fifi anazaliwa mu kitanda, siyo mu majani.

Halafu risasi.

Ukiwa chini ya kilalo, risasi ku mbao juu yako inalia kama mahindi mu chungu ya moto. Nilifikiri bamenipata. Nililala mu maji mpaka shingo. Hakuna mwenye alishuka. Risasi iliendelea, inatoka kule mulima.

Nikatoa kichwa.

Barieri ilikuwa chini.

Muzee Tharcisse alisimama karibu yake na kamba mu mukono, amelowa mpaka mifupa, anaangalia juu ya barabara kama mutu anangoja kamiyo isimame. Mvua imenyesha, kapita ameshusha barieri. Mukono wake ulifanya kazi yake bila kuuliza kichwa.

"Muzee, lala chini."

"Banapiga nini? Ni mvua tu, bangoje ikauke."

Risasi ilimuingia ku tumbo. Alikaa polepole mu matope, kama mutu anakaa ku benchi ya kanisa.

Dady alitoka mu bashi, anakimbilia kamba ya barieri, anainua mikono.

"Ni siye. Ni siye, afande."

Mu mvua ile, nani atamusikia? Risasi ilimutoboa shingo. Alikuja kuanguka juu ya miguu ya Lionel.

Bale benzake babili, badala ya kulala, baliamini adui amewapokonya kamiyo kule juu. Bakaanza kupiga kuelekea mulima. Mulima ukajibu. Mumoja taya yake ilienda, akabakia anatembea anatafuta chini, kama mutu amepoteza ufunguo, mpaka risasi ingine ilimulalisha. Mwingine alimaliza risasi, akalia jina ya mama yake, bakamumaliza.

Mu ile bonde yote hakukukuwa adui hata mumoja, isipokuwa miye. Na miye nilikuwa na musumeno.

Nilitambaa mpaka kwa Lionel. Pipa ya mawe ilimukinga. Ilikuwa na matundu kama kichujio.

"Yaya, uko muzima?"

"Dady ananilalia miguu. Mutoe, iko muzito."

"Ngoja kwanza kamba."

"Na hii musumeno ulitoa wapi?"

"Yaya, nisikie. Kile kilalo, miye—"

Sikumaliza. Kamiyo ilikuwa inashuka.

*

Ilikuja yenyewe kama mulevi, kioo ya mbele imepasuka yote. Ilivunja muti ya barieri, ikasimama, pua yake ku mbao ya kwanza ya kilalo. Mulango ikafunguka. Kamate akaanguka inje.

Kamate, Munande wa Butembo, mwenye alikuwa anatusi mbuzi mu barabara kwa jina, leo kifua yake ilikuwa inatoa damu na pumzi pamoja. Zile risasi ya benzake ya Dady njo zilimupata ku volan, mikono yake ku usukani.

"Flori," akasema. "Nimesimamisha muzuri, ao?"

"Muzuri, Kamate."

"Freni ya huyu mutumba ni shida."

Akakufa. Shofere wa kweli, mpaka mwisho anasema freni.

Afande Sanduku alifika kwa miguu na vijana yake. Mvua ilikuwa inapungua. Alimugeuza Dady na kiatu. Akamugeuza wa pili, akamugeuza wa tatu. Aliwajua wote.

"Nani alishusha barieri?"

Kijana mumoja akaninyoshea kidole.

"Huyu, afande. Muone, alikuwa anakata kamba ya ndugu yake."

Afande hakuuliza mara mbili. Panga ilishuka. Nilivuta kichwa, njo maana nilipata kuandika hii. Batu ya Mudzipela munaniona kila siku na sikio nusu, munaogopa kuuliza. Sasa munajua.

Aliinua panga tena.

"Muache mutoto." Sauti ilitoka mu matope. "Ni miye nilishusha."

Afande akageuka. Muzee Tharcisse alikuwa anashika tumbo na mikono yote mbili.

"Weye, baba? Nani alikutuma?"

"Mvua."

"Mvua?"

"Barabara ikiwa na maji, kamiyo haipite. Ulipokuwa unauza mbuzi ku Komanda, sikukusimamisha hapa? Ulinungunika, lakini ulingoja."

Kijana mumoja akacheka. Afande, bila kumuangalia, akamupiga risasi ku mguu. Yule kijana alikaa chini, akashika mguu yake, hakulia. Alijua akilia itakuwa ya pili.

"Ni kweli," afande akasema. "Hata ulinipatia muhindi ya kuchoma."

"Ulikula mbili."

"Nilikula mbili." Alipangusa uso. "Na leo vijana yangu balikufa juu ya mvua yako. Baba, miye sitakukata. Tumbo yako itafanya kazi. Lakini hawa babili si ba kwetu, na kilalo imeisha. Hawana kazi tena. Bakate."

Balitushika. Balitupigisha magoti mu damu ya Dady, miye na yaya, bega kwa bega. Kijana mwenye panga alitema mate ku mikono yake.

Afande alikuwa ashaanza kufikiri mambo ingine.

"Shofere amekufa. Nani anajua kuendesha kamiyo?"

Bunduki banajua wote. Kamiyo, hakuna.

"Afande." Ilikuwa Lionel. "Mudogo yangu anajua."

Nilimugeukia.

"Yaya, nyamaza."

"Kamate alimufundisha ku barabara ya Komanda. Anaendesha muzuri. Usimuue."

"Anadanganya, afande, sijui kitu."

"Anaogopa tu," Lionel akasema. Aliniangalia na macho ya kaka mwenye anaamini amekutoa ku mulango ya kaburi. "Petit, mudogo yangu, kubali. Utapona."

Afande Sanduku akacheka, mara ya kwanza ile siku.

"Ona bandugu. Mumoja anauza mwenzake ili amuokoe. Mumusimamishe." Halafu akageukia kilalo. "Na hii, iko nguvu?"

Nilifungua kinywa. Muzee Tharcisse alinitangulia.

"Flori, karibia. Uniinue."

Nilimukaribia. Mukono wangu ulikuwa na unga ya mbao, imeshikana na utomvu wa muti, hata mutoni haikuiosha, mweupe mpaka ku kiwiko. Muzee aliigusa na kidole. Aliisugua na vidole viwili, kama mama anaangalia unga ya muhogo kama imesagwa muzuri. Aliniangalia mu macho, muda murefu.

Nilifikiri: sasa atasema.

"Unipeleke chini," akasema. "Kamiyo ya kwanza inataka kupita, na kapita bado iko juu kama muvivu."

"Baba, na tumbo ile?" afande akauliza.

"Ulishaniona napitisha kamiyo bila kusimama chini?"

Uso ya afande ikafunguka.

"Basi iko nguvu. Mutu hachague kusimama mu sanduku yake. Mupeleke."

*

Nilimubeba ku mugongo. Damu yake ilikuwa moto, inashuka mu kiuno yangu. Vijana babili balisimama juu ku ukingo na bunduki, lakini maji ilikuwa inapiga kelele.

"Muti gani?" akaniuliza mu ile sikio yangu nzima.

"Ya inje. Kushoto."

"Kiasi gani?"

"Kupita nusu."

"Ulikata wima?"

"Pembe-pembe. Nilikuwa na haraka."

"Mwanafunzi mubaya sana," akasema. Alikohoa damu.

"Muzee, nisamehe. Nipande nimuambie afande?"

"Umuambie. Atakukata weye, atamukata Lionel. Ataleta muti ingine, atapita kesho. Mudzipela itaungua tu, na hautakuwa hata wa kuzika."

"Basi nifanye nini?"

"Uniweke hapa. Polepole."

Nilimuweka mahali alionyesha. Aliegemeza mugongo ku nguzo ya kushoto. Juu ya kichwa yake, urefu ya mukono moja tu, nilikuwa naona ile matope yangu yenye nilizibia kidonda. Ilishaanza kulowa, inadondoka tone kwa tone ku bega yake.

"Muzee, kaa upande ule mwingine."

"Hapa njo kuna kasoro. Kapita anasimama penye kasoro."

"Uniambie nifanye nini."

"Naweza kukuambia kilalo itafanya nini." Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi. "Ukishika kuume kabisa, gurudumu haitagusa ile muti. Mutapita wote. Ukishika kushoto, mutakuja wote kwangu. Hiyo njo kazi yangu kujua. Yenye mutu atafanya, miye sijui. Sijawahi kujua."

"Lionel iko juu, muzee. Hajui kitu."

"Na mama yako iko kule. Naye hajui kitu." Alifumba macho. "Panda. Bananingoja."

Nilipanda.

Balikuwa bashamufunga Lionel mbele ya kamiyo, juu ya kapo, ile kifuniko ya moteur, kama batu banafunga mbuzi ya Noeli. Uso yake kwangu. Kioo haikukuwa tena, basi nilipokaa ku volan tulikuwa karibu, mukono unaweza kufika.

"Njo ukumbuke kuendesha muzuri," afande akasema. Alipanda, akakaa kando yangu. Aliweka pistole ku mbavu zangu, akarudisha kofia muzuri ku kichwa kama mutu anaenda kupigwa picha.

Nyuma, vijana balijaa, bamesimama banashikana mabega. Balianza kuimba. Mu ile nyimbo balikuwa banataja Mudzipela, avenue kwa avenue. Mumoja alitaja ile ya kwetu.

"Petit," Lionel akasema, sauti ya chini. "Usitetemeke. Ni kamiyo tu."

"Yaya."

"Tukifika Bunia, kutakuwa fujo. Uniachilie, tukimbie. Mama anatungoja."

"Yaya, nani alikutuma kusema najua kuendesha?"

Alicheka kidogo, midomo imevimba.

"Kwani nilikuuza bei mubaya? Uko hai."

"Munaongea nini?" afande akasema. "Endesha."

Niliwasha. Moteur ikatetemeka mara moja, ikashika. Volan ilikuwa na damu ya Kamate, inateleza mu mikono yangu kama sabuni. Mbele yangu, nyuma ya kichwa ya yaya, kilalo ilikuwa nyembamba, mbao mupya, inang'aa na mvua. Ilikuwa muzuri. Hata ile siku niliona: tulifanya kazi muzuri.

Kuume, Lionel anaishi, miye naishi, na jua haijaanguka tutakuwa mu avenue yetu na hii nyimbo.

Kushoto, Fifi anazaa.

"Unangoja nini?" Pistole ilisukuma mbavu.

"Nangoja kapita."

Hata afande alitega sikio. Vijana baliacha kuimba, mumoja mumoja. Tulibakia na kelele ya maji na ya moteur. Nilianza kufikiri muzee ameshakufa kule chini, na kama amekufa, basi hakuna mwenye ataita, na kama hakuna mwenye anaita, shofere hapiti, njo sheria, nitakaa hapa mpaka Mungu arudi.

Halafu sauti ilitoka chini ya mbao. Ndogo, lakini tulisikia wote. Lionel alisikia, akatabasamu, juu hata yeye alijua maana yake: kilalo iko muzuri.

"Leta."

Nikatia vitesi, gia ya kwanza. Nikageuza volan. Upande gani, mununue gazeti ya juma ijayo.